Njia ya Kidete: Safari za Ukoo za Desemba, Tangu Misafara Hadi Treni ya Umeme



Desemba ndiyo miadi ya nyumba zetu. Skuli zimefungwa, ndugu wa Dar wameomba likizo, wa Maskati wanakuja, wa London wanakimbia baridi ya kwao. Harusi nazo hupangwa makusudi wiki hizo hizo, kwani ni wakati pekee wa mwaka ambao bibi, shangazi na kitukuu wanaweza kukaa kwenye mkeka mmoja. Harusi ikishapita na sufuria zikisharudi kwa wenyewe, linakuja swali: watu wote hawa tuwapeleke wapi kwa siku tatu nne? Siku hizi jibu linalosikika sana ni bara, kwa treni ya umeme, kwenda kuona wanyama Mikumi. Na mara nyingi jibu hilo hufuatiwa na maneno haya: "Bibi abaki tu, atachoka."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike leo. Kabla ya kukata tiketi, tuijue kwanza historia ya njia yenyewe, hasa pale Kidete. Kidete ni kituo cha reli katika bonde la mto Mkondoa, wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Si mji wa hoteli, na abiria wengi hupapita wakiwa wameinamia simu zao. Lakini tangu karne ya 19, watu wa pwani yetu waliokwenda bara wamelitumia bonde hili kuipenya milima ya Usagara. Na ukiisoma historia ya bonde hili utaona jambo moja linarudi kila zama: msafara huhukumiwa kwa namna ulivyomtendea mtu wake aliye mnyonge zaidi.

Baridi ya wenzetu, mvua ya kwetu

Jamaa zetu wa Ulaya huiita likizo hii ya baridi. Sisi hatuna baridi ya theluji, tuna pepo na mvua. Desemba kwetu ni mwanzo wa kaskazi, upepo ulioleta majahazi ya Oman, Ghuba na Bara Hindi kwa karne nyingi. Wazee wetu waliipanga biashara, ndoa na hata madeni kwa kutazama pepo hizo. Hili si geni katika dini yetu. Surat Quraysh inataja safari mbili za Makureshi, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto, na wafasiri wanaeleza kuwa ya baridi ilikuwa ya Yemen na ya joto ya Sham. Kisha Mola anawakumbusha neema mbili zinazowapasa kumshukuru na kumuabudu Yeye: kulishwa wasife njaa, na kupewa amani wasiwe na khofu. Tuyashike mawili hayo, chakula na amani, maana tutayahitaji huko mbele.

Lakini kaskazi ya pwani haisemi chochote juu ya Kidete. Huko Kilosa, Desemba ni mwezi wa mvua, na mvua hizo zaweza kuendelea hadi Mei. Mkondoa hukusanya maji ya milima, hupita Kidete na Kilosa, hujiunga na maji ya Mkata na Wami, na Wami nao humwaga baharini upande wa Saadani, mkabala na kisiwa chetu cha Unguja. Kwa hivyo tone la mvua linaloanguka juu ya Kidete huishia kwenye bahari hii hii tunayoitazama kila asubuhi.

Waliopita kwa miguu

Misafara ya karne ya 19 iliondoka Bagamoyo, ikakata uwanda wa Mkata, ikapanda kwa bonde la Mkondoa kuelekea Mpwapwa, Ugogo, Tabora na Ujiji. Tunapofikiria misafara hiyo tunawaona wanaume tu, na meno ya tembo mabegani. Picha hiyo imepungua. Wapagazi wa Kinyamwezi, walioijua kazi hii kuliko wote, mara nyingi walisafiri na wake zao, na watoto wakiwemo. Wanawake walibeba vyombo, walipika, waliuguza, na jioni ndio waliougeuza uwanja mtupu kuwa kambi ya watu.

Wanyamwezi hao hawakuondoka siku yoyote tu. Walipendelea kushuka pwani wakati wa kiangazi baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Kalenda yao ilitoka shambani, na mtu wa shamba anajua kuwa mto haubembelezwi.

Mgeni asiyeijali kalenda hiyo aliilipia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo katikati ya masika, akiwa na haraka ya kumtafuta Dk. Livingstone. Uwanda wa Mkata ulikuwa umegeuka ziwa la matope. Watu na punda walizama hadi viunoni, maradhi yakaingia msafarani, na baada ya kuvuka ikabidi wapumzike siku kadhaa ndipo waingie bonde la Mkondoa. Mwenzake mmoja, William Farquhar, alizidiwa na ugonjwa akaachwa Mpwapwa, na huko huko akafa. Stanley alifika Ujiji, vitabu vinamsifu kwa kufika. Sisi tunaosoma kwa jicho la mama wa nyumba tunamtazama pia yule aliyeachwa.

Na kuna walioachwa ambao majina yao hayakuandikwa kabisa. Njia za misafara zilipitisha pembe, na zilipitisha watu waliofungwa shingo. Waliochoka hawakungojewa. Miongoni mwa wenye mali ya misafara walikuwemo watu wa visiwa vyetu, na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, ndiye anayejulikana zaidi: babu, baba na yeye mwenyewe, vizazi vitatu vya safari za bara. Ukoo ule ulitajirika kwa kusafiri pamoja, huku koo za wengine zikivunjwa ili utajiri huo upatikane. Hatuwezi kuisimulia historia hii kwa wanetu tukiificha nusu yake.

Basi tumtaje na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa Bagamoyo kutoka Manyema, Kongo, akiwa mtoto, katika utumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na baada ya Waingereza kuingia akawa hata liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Mtoto aliyetenganishwa na ukoo wake akaja kuwa mzee ambaye vizazi vya watu walifunga safari kwenda kumzuru. Subhanallah! Tukisema kuunga udugu ni ibada, tukumbuke wapo waliounga kilichokatwa kwa makusudi.

Reli yaingia bondeni

Mwaka 1905 una mambo mawili yanayokutana. Tippu Tip alifariki hapa Unguja mwezi Juni mwaka huo, na miezi michache kabla yake Wajerumani walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Zama moja inafumba macho na nyingine inafumbua. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, urefu wa takriban kilomita 1,250. Baada ya Kilosa ilifuata bonde lile lile la Mkondoa, kwa sababu milima ilitoa mlango mmoja, na waliokwenda kwa miguu walikuwa wameuona kabla ya wahandisi. Hivyo ndivyo Kidete ilivyopata kituo chake.

Haikukaa sana ikaona vita. Agosti 1916 majeshi ya upande wa Uingereza yalishuka bonde hilo kutoka Mpwapwa yakiwafukuza Wajerumani, wakapigana Kidete, kisha Kilosa ikatekwa. Mizigo ya vita ile ilibebwa na wapagazi Waafrika, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo tunakokwenda kununua vitambaa vya harusi limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Tukipita pale na orodha ya sare za kina dada, tuwaombee rehma.

Baada ya vita reli ikawa ya watu. Ndiyo iliyowezesha mama wa Kigoma kumfuata binti aliyeolewa Dar, na mzee wa Tabora kuletwa hospitali. Safari ilikuwa ya siku mbili au zaidi, na behewa la daraja la tatu lilikuwa kijiji: mkeka sakafuni, chupa ya chai, watoto wakilala mapajani kwa mtu wasiyemjua, wauzaji wakikimbilia madirishani kila kituo na mayai ya kuchemsha, ndizi na miwa. Treni ilichelewa, lakini ndani yake bibi alikuwa na kazi. Yeye ndiye aliyejua hadithi za usiku mzima.

Wenyeji wa milima hii, Wakaguru na Wasagara, waliuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Sisi nasabu yetu ni ya baba, na hilo halibadiliki. Hata hivyo hakuna nyumba ya pwani ambayo mtu aliyebeba majina ya ndugu wote kichwani si bibi. Ukimwacha nyumbani, umesafiri bila daftari la ukoo.

Maji ya Desemba

Hapa ndipo mwenye kupanga safari anapaswa kukaa kitako. Reli ya zamani ilijengwa chini bondeni, jirani na mto, na mto umekuwa ukidai mahali pake. Desemba 2009 na Januari 2010, wakati hasa wa likizo yetu, Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makaazi, tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe likachukuliwa, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Kidete ipo katikati ya kipande hicho. Kwa msafiri ni usumbufu. Kwa mwenyeji ni nyumba, shamba na akiba ya chakula, vyote kwa usiku mmoja.

Reli mpya ya umeme imejengwa kwa kuyajua hayo, ndiyo maana kwenye milima ya Kilosa inapita madarajani na ndani ya mahandaki. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai, na tarehe 1 Agosti mwaka huo ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan, mwana wa Unguja kama sisi. Imesanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Mkondoa, Kilosa na Kidete hupita dirishani kabla mtoto hajamaliza sambusa yake. Hata hivyo mvua ya Desemba ni ile ile, na bonde ni lile lile.

Kwa nini tunangojana mpaka Desemba

Mabibi wa mabibi zetu hawakuhitaji likizo ili kuonana, walikaa mtaa mmoja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za visiwani zilitawanyika: Dar, Mombasa, Ghuba, Uingereza. Mwaka 1970 Sultan Qaboos alipotawala Oman, wengi wenye asili ya huko walihamia na kujenga maisha upya. Waliobaki nao walifuata kazi na masomo. Kila nyumba ina simulizi yake na hatuzichanganyi. Tunachosema ni kuwa likizo ya Desemba imekuwa daraja la familia zilizokatwa na bahari, na ndani ya wiki mbili hizo tunajaribu kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mtaa mwaka mzima.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayependa kukunjuliwa riziki na kurefushiwa umri basi auunge udugu wake. Safari ya ukoo yaweza kuwa kuunga huko, na yaweza pia kuwa kukata, pale wenye nguvu wanapokwenda kupiga picha na wasio na nguvu wakiachwa kulinda nyumba.

Basi tupangeje?

Mtume (s.a.w.) alipompa Uthman bin Abil-As kazi ya kuwaswalisha watu wake, alimwelekeza awaangalie walio dhaifu katika wao. Ikiwa hivyo ndivyo katika swala, sembuse safari ya kutembea? Kanuni tunayoichukua kutoka historia ya Kidete ni hiyo hiyo: safari ianze kupangwa kwa mtu mnyonge kuliko wote, kisha wengine wamfuate.

Muulizeni bibi kwanza, tena yeye mwenyewe, si kwa mdomo wa mwanawe. Akisema anaweza saa mbili tu kitako, basi safari yenu ni ya saa mbili mbili. Vukeni na boti leo, mlale Dar kwa ndugu, mpande treni kesho. Si kila treni husimama kila kituo, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kulipa kama mnashuka Morogoro au Kilosa, na gari la kuelekea Mikumi liwe limeshapangwa. Mwisho wa Desemba viti hujaa, tiketi zikatwe mapema, na kila mtu awe na kitambulisho chake.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na kitovu chake ni uwanda ule ule wa Mkata uliomchosha Stanley upande wa kaskazini. Desemba majani ni mabichi, na mna tembo, twiga, pundamilia na nyati. Lakini udongo mweusi ukilowa, gari hunasa. Msijaze siku mbili kwa mizunguko minne. Mzunguko mmoja wa asubuhi, kisha mapumziko barazani, bibi asimulie. Watoto hawatokumbuka idadi ya swala, watakumbuka bibi alivyosema alipomuona tembo.

Malaria imepungua sana visiwani, na watoto wa Ulaya hawana kinga nayo kabisa. Kilosa na Mikumi wakati wa mvua kuna mbu. Muoneni daktari kabla, bebeni vyandarua na nguo za mikono mirefu. Dawa za bibi za sukari au presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zizidi siku za safari kwa angalau wiki moja, maana njia ikifungwa haitoi taarifa.

Chakula kipikwe nyumbani kwa siku ya kwanza: maandazi, mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga. Kuhusu swala, umbali huu unaruhusu kupunguza na kukusanya, na kwa madhehebu ya Shafi ruhusa huondoka ukinuia kukaa siku nne kamili au zaidi mahali pamoja. Muulizeni sheikh wenu kabla ya kuondoka msije mkabishana kituoni.

Na tazameni kalenda zote mbili. Kwa hesabu za falaki, mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na miaka miwili itakayofuata mwezi mtukufu utaangukia Desemba. Wenye nia ya safari ya namna hii wana Desemba chache mbele yao. Mabibi zetu nao hawahesabiwi kwa miaka mingi.

Kwako bi harusi wa Desemba, neno moja. Safari yako ya kwanza na ukoo wa mume ni darasa lako na lao. Usijifanye mtumishi wa watu kumi na watano ili usifiwe, ukarudi na homa. Wala usijifungie chumbani na simu. Kaa karibu na mavyaa, na karibu zaidi na mama yake. Muulize bibi huyo alivyosafiri yeye alipoolewa, na nani alimpokea. Utajua mengi kuhusu mumeo ambayo mwenyewe hayajui. Na nyinyi wakwe, mpeni mwana wa watu nafasi, hata msafara ulikuwa na zamu za kubeba.

Inawezekana bibi hawezi safari kabisa, ama kwa maradhi ama kwa kutotaka. Basi msiende mbali. Ipelekeni safari kwake: siku tatu shambani, Makunduchi au Donge au kokote kwao, wajukuu wote sakafuni. Mikumi itakuwepo. Msafara ulioijua njia ulisubiri mvua zipite, na haukudharauliwa kwa kusubiri.

Na mtakapopita Kidete, inueni watoto vichwa kutoka kwenye simu. Waambieni: hapa walipita wanawake na watoto mgongoni, hapa walipita waliofungwa, hapa reli ilichukuliwa na maji na watu wakalala nje. Wenye uwezo wawatolee sadaka wenyeji wa bonde hili mvua zinapozidi, kwani maji yanayowafurikia wao ndiyo yanayokuja kwetu. Chakula na amani, zile neema mbili za Surat Quraysh, ndizo tunazomuomba Mwenyezi Mungu kwa ajili yao na kwa kila ukoo utakaosafiri Desemba hii. Awafikishe salama, awarudishe salama, na asimwache nyuma mtu yeyote mnayempenda.

Wabillahi tawfiq.